Nyumba Isiyokuwemo kwenye Orodha

Enid Sugden alipeleka barua katika Skelbeck zote mbili, ya Juu na ya Chini, kwa miaka arobaini na moja, na katika muda wote huo alikosea mlango mara moja tu. Siku hiyo alikuwa na homa. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele mtakutana na watu wenye shahada tatu tatu na kompyuta mezani ambao mlango wake uliwashinda, na sitaki mtu adhani kwamba kazi yenyewe ni ngumu.

Mimi ndiye mwenye duka la Skelbeck ya Juu, lile lenye dirisha la posta pembeni. Nauza stempu, mkate, betri na dawa ya kikohozi, na bila kutaka napokea habari zote za kijiji, maana hakuna anayenunua stempu moja akaondoka kimya. Enid aliingia siku niliyofungua, mfuko wa barua begani, akanitazama kuanzia nywele hadi viatu. "Viatu hivyo havimalizi mwezi hapa," akasema. "Tafuta vya mpira." Kisha akanipa barua zangu. Huo ndio uliokuwa ukaribisho wangu Yorkshire, na ulikuwa wa kweli kuliko mwingine wowote niliopewa baadaye.

Alizaliwa hapa hapa, binti wa mchunga kondoo. Shuleni hesabu zilimtoa jasho, lakini ungemuuliza nani anaishi wapi, na nani aliishi pale kabla yake, na kwa nini aliondoka, angekujibu hadi ukachoka. Alipata kazi ya posta akiwa na miaka kumi na tisa. Aliolewa na Wilf Sugden, mjenzi wa kuta za mawe, kwa sababu, asemavyo mwenyewe, ndiye mwanamume pekee njiani aliyemfunga mbwa kabla hajabisha hodi. Walipata binti mmoja, Judith, aliyehamia New Zealand akasema huko kuna kondoo kama nyumbani ila mvua ni chache. Wilf alikarabati nyumba yao kwa mikono yake, jiwe baada ya jiwe. Ndiyo Nyumba ya Waridi, Njia ya Kanisa.

Sasa hapo kwenye jina ndipo matata yalipoanzia. Huku kwetu nyumba hazina namba, namba ni za watu wa mjini. Nyumba hupewa jina na mwanamke wa kwanza kuishi ndani yake, na kwa kuwa wanawake wa zamani walikuwa na kazi nyingi kuliko kukaa wakibuni majina, kila kijiji kina Nyumba ya Waridi, hata kama waridi lenyewe lilikauka enzi za babu. Na hiyo Njia ya Kanisa nayo iko mbili. Zamani Skelbeck zote zilisali pamoja, hadi waumini wakagombana kama ni halali kupiga kinanda Jumapili. Nusu yao wakateremka mlima na kinanda chao, wakajenga kanisa lao, na njia inayopita mbele yake wakaiita Njia ya Kanisa, kana kwamba kule juu palikuwa na ghala la nyasi tu.

Serikali ilipoviunganisha vijiji hivi kuwa kata moja, iliuliza ni njia gani itabadilishwa jina. Mkutano uliitishwa majira matatu ya baridi mfululizo. Hakuna aliyekubali, wala aliyetukana, maana hapa watu hukataa kwa kuuliza kama kuna chai zaidi. Kwa hiyo kata moja ikabaki na Nyumba za Waridi mbili, zote kwenye Njia ya Kanisa, na maili tatu za mlima kati yake. Ya juu ni ya Enid. Ya chini ilikuwa ya Mwalimu Pettifer, mjane aliyewahi kufundisha Kilatini, mtu mpole aliyeuomba radhi mlango ukimgonga.

Enid alipostaafu tu, mtu fulani katika ofisi fulani, mji siujui, alikuwa akisafisha orodha ya anwani za nchi nzima. Akaona mstari umejirudia. Kata ile ile, njia ile ile, jina lile lile. Akafuta mmoja, nadhani akaenda kula chakula cha mchana akijiona amefanya kazi. Alioufuta ulikuwa wa Enid.

Mwanzoni tulicheka. Barua ziliendelea kufika, kwa kuwa kijana wa posta alifundishwa njia na Enid mwenyewe. Lakini orodha ile ina mwenyewe, na kila anayeitumia huitumia kwa leseni, na benki, baraza la wilaya na gari la wagonjwa wote huchungulia humo humo. Kisichokuwemo humo hakipo. Na ukitaka kukirekebisha, unatakiwa kwanza ukichague kwenye orodha.

Wakati fulani serikali yenyewe ilianza kuona haya. Ikatoa fedha za walipa kodi zifanyiwe utafiti: je, inawezekana orodha ya anwani zote iwe wazi kwa kila mtu, bure, na wanaoishi kwenye hizo nyumba wasaidie kuisahihisha? Watafiti wakatawanywa sehemu mbalimbali, na wawili wakaangukia kwetu. Mkubwa wao alikuwa Daktari Crispin Farrow, daktari wa shahada si wa sindano, kijana mwenye viatu vyembamba ajabu. Aliambiwa kwamba bila Enid hataona kitu, na kwa hilo alikuwa msikivu. Walitembea siku tisa, Enid mbele, Daktari nyuma na kifaa chake cha kupimia, akiruka madimbwi.

"Bi Sugden," alimuuliza siku ya pili, "unajuaje kwamba hapa ni nyumba mbili na si moja?"

"Ina milango miwili, mwanangu."

"Naiona. Lakini ushahidi?"

"Subiri wagombane. Utasikia dirisha lipi linafungwa kwa kishindo."

Akaandika. Alikuwa akiandika kila kitu, hata jina la mbwa. Siku ya tisa Enid akampeleka hadi mlangoni kwake mwenyewe. "Na hii je? Unaiona humo?"

Daktari akatazama kifaa, akatazama nyumba, akarudi kwenye kifaa. "Haimo."

"Haya, ingia unywe chai mahali pasipokuwepo."

Alikunywa vikombe viwili, akala keki ya tangawizi vipande vitatu, akamwahidi Enid kwamba jambo hilo ataliandika kwa herufi nzito. Akaondoka. Ripoti ikaandikwa, ikapelekwa serikalini, na kwa miaka miwili hatukusikia hata kikohozi. Sitajifanya mwema: hata mimi sikuuliza.

Kisha ikaja Februari. Saa tano asubuhi Wilf aliinuka kitini kwenda kutia kuni, akaanguka. Enid akapiga simu. Binti wa upande wa pili alikuwa mpole, akauliza anwani, akaambiwa. "Naiona," akasema. Enid akamwambia ni Skelbeck ya Juu, ya juu mlimani. "Usijali mama, ninayo moja tu, haiwezekani wakakosea." Na kweli hawakukosea. Baada ya dakika kumi na nne gari lilisimama mbele ya Nyumba ya Waridi iliyoandikwa kwenye orodha, wakamkuta Mwalimu Pettifer akiwa na gauni la kuogea, anachemsha yai.

"Kaa chini, baba. Usiongee," wakamwambia.

Akakaa. Hakuongea. Walimvika mkanda mkononi, wakambandika nyaya kifuani, wakamwambia presha iko juu kidogo, na bila shaka ilikuwa juu. Alinisimulia mwenyewe pale dirishani, macho yakiwa kwenye kofia yake. "Niliona si adabu kuwauliza wanamtafuta nani," akasema. "Walikuwa wametoka mbali." Alipopata ujasiri wa kuuliza kama labda kuna mwingine anayewahitaji zaidi, mlima ulikuwa bado uko mbele yao. Walimfikia Wilf dakika ya arobaini.

Wilf hakufa. Lakini daktari wa moyo kule mjini hakumung'unya maneno. "Moyo huu umechoka," alimwambia Enid. "Ukimwangusha tena, una dakika kumi na tano. Arobaini hazitavumilika."

Tangu siku ile Enid alikuwa na jambo moja tu duniani: nyumba yake iingie kwenye orodha kabla moyo wa Wilf haujamwangusha mara ya pili. Madereva wa gari la wagonjwa walikuja kuomba radhi, wakaichora njia kwenye daftari, lakini mashine ndiyo inayowatuma, na madereva hubadilishwa kila zamu. Enid hakuzungumza habari za haki wala za kushtaki mtu. "Nataka dakika kumi na tano zangu," alikuwa akisema, na akishasema hivyo ananunua mkate wake na kuondoka.

Alianzia kwa Bwana Lumb, karani wa baraza, mzaliwa wa hapa, mtu wa kukunja shati lake vizuri.

"Enid, mimi najua nyumba ipo," Lumb akasema. "Nimekula pai pale. Mara mbili."

"Mara tatu. Ya tatu ulibeba."

"Lakini mfumo hauchukui neno langu. Unataka ushahidi wa maandishi, wa chombo kinachotambulika, unaoonyesha kwamba kuna nyumba, na mtu anaishi humo, na mahali penyewe pamepimwa."

"Daktari Farrow alipima. Yote matatu. Kwa fedha ya serikali."

Lumb akafurahi kabisa. "Basi niletee hiyo ripoti. Tumemaliza."

Ripoti ilikuwa haijachapishwa. Utafiti wa kuangalia kama anwani ziwe wazi kwa umma ulikuwa umefungiwa kabatini. Lakini nchi hii ina sheria, na tunajivunia: mtu yeyote anaweza kuiandikia ofisi ya serikali na kuomba taarifa iliyo nayo, na ofisi hupewa siku ishirini za kazi kujibu. Enid akaja dukani tujaze fomu kwenye kompyuta yangu. Jina, ikakubali. Anwani, ikatuletea orodha tuchague.

"Bonyeza ya Pettifer," Enid akasema.

"Dada, hiyo si yako."

"Mdogo wangu, ndiyo pekee wanayonitambua nayo."

Kwa hiyo majibu yote yalikwenda kwa Mwalimu Pettifer, naye kila yanapofika alivaa koti, akaendesha kigari chake hadi juu, akakabidhi bahasha ikiwa imefungwa vile vile, akabaki kwa chai. Walikuwa hawajazoeana kabla ya hapo, yule wa kanisa la kinanda na hawa wa kanisa lisilo na kinanda. Wilf alimtania: "Mwalimu, ukija na bahasha kubwa uniambie nikae kwanza." Mzee wa watu alikuwa akicheka hadi anafuta miwani.

Jibu la kwanza lilifika siku ya ishirini, si ya kumi na tisa. Ofisi ilisema haiwezi kuthibitisha wala kukanusha kwamba utafiti huo uliwahi kuwepo. "Nilimpa keki," Enid akasema. Akaandika tena, akataja na keki. Siku ishirini nyingine, ofisi ikakubali kwamba ripoti ipo, lakini haiwezi kutolewa sasa kwa kuwa inakusudiwa kuchapishwa siku zijazo. Enid akauliza siku gani. Siku ishirini. Wakajibu kwamba kusudio lipo ila tarehe haipo. Mimi nilitukana kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwetu, Enid akanitaka nirudie polepole ili ajifunze.

Akaomba jibu lipitiwe upya. Majani ya vuli yakaja, yakaanguka. Halafu Mwalimu Pettifer akapanda mlima na boksi kubwa, kurasa mia mbili na kumi na mbili, tukazifungua juu ya kaunta yangu kati ya mikate na magazeti. Zilikuwa nyeusi. Mstari baada ya mstari ulikuwa umezibwa kwa wino, na pembeni sababu zake. Anwani zote zimezibwa kwa kuwa ni mali ya mwingine. Maneno ya Enid yamezibwa ili kulinda siri za Enid. Hata anwani ya ofisi yenyewe, juu kabisa ya barua, ilikuwa imezibwa. Tulitafuta saa nzima, na kumhusu yeye tulipata sentensi moja iliyoponea: "Mshiriki alitoa chai."

"Angalau hilo wamelithibitisha," akasema Mwalimu Pettifer.

Mtu mwingine angeichoma. Enid akakata rufaa. Na hapo nikamfahamu upya, maana mwanamke aliyewahi kuumwa na mbwa mara saba kazini hatishwi na bahasha. Alisoma sheria dirishani kwangu, kidole kikitembea chini ya maneno, na kila baada ya kifungu anauliza, "Hapa wamesema nini?" nami namwambia sijui, naye anasema, "Wao pia." Hayo yote yalichukua mwaka na nusu, na katika mwaka na nusu huo kila asubuhi aligusa kifua cha Wilf kabla hajafungua pazia.

Baraza la rufaa lilikaa mjini Leeds. Serikali ilileta wakili na begi la magurudumu. Enid alikuja na mimi, na Mwalimu Pettifer aliyevaa tai ya shule, na mkebe wa sandwichi. Wakili alieleza kwa ufasaha kwamba ripoti ikitolewa wazi, watumishi wa serikali wataogopa kushauriana kwa uwazi, na kwa hiyo uwazi wenyewe unahitaji kulindwa kwa kufichwa. Jaji, mama mwenye nywele fupi za mvi, akamtaka arudie. Akarudia. Jaji akamgeukia Enid.

"Bi Sugden, ripoti hii ina kurasa nyingi. Wewe unatafuta nini hasa?"

"Nyumba yangu, mheshimiwa. Iko humo ndani. Niliwapeleka mwenyewe."

Tulishinda. Ripoti ikatolewa nzima, ikawekwa wazi kwa dunia yote, na mheshimiwa mmoja akasema kwenye redio kwamba serikali hii daima imeamini katika uwazi. Enid hakusikiliza redio. Alifungua ukurasa wa themanini na nane, na hapo, kwa herufi nzito kama alivyoahidiwa, Daktari Farrow alikuwa ameandika kwamba Nyumba ya Waridi ya juu ipo, inakaliwa na wazee wawili, ilifutwa kimakosa, na kwamba gari la wagonjwa likiitwa litakwenda maili tatu mbali nayo. Hatari ni ya sasa, alisema, na isisubiri sera. Pembeni, kwa kalamu ya mtu mwingine, paliandikwa: "Ya kuvutia. Isubiri sera." Tarehe ya maneno hayo ilikuwa miaka miwili kabla Wilf hajaanguka.

Nilikasirika. Walijua. Walikuwa wamelipwa wajue. Enid aliufunga ukurasa taratibu, akasema Daktari yule alikuwa kijana mzuri na angepaswa kuvaa buti, kisha akatoka kwenda kwa Lumb na ripoti kwapani.

Lumb aliyasoma yote matatu: nyumba, mtu, kipimo. Akasoma na jalada. Kisha akafanya uso wa mtu anayeumwa jino.

"Enid, hii ina miaka mitatu na nusu."

"Ilikuwa mpya nilipoiomba."

"Kanuni inasema ushahidi usizidi miaka mitatu. Nyumba inaweza kuwa imebadilika."

"Ilibadilika nini? Ilihama?"

"Si mimi, Enid. Ni mfumo." Akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba alisikia kuna mpango wa utafiti mpya, na kwamba watahitaji mtu wa kuwaonyesha njia.

Siku ile alirudi dukani akakaa kwenye ngazi, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Mvua ilikuwa inanyesha naye hakuvuta kofia. Mwalimu Pettifer alikuwa ndani akinunua mayai. Akatoka, akasimama kando yake, akakohoa.

"Samahani kuingilia," akasema. "Nimekuwa nikifikiri. Gari linakuja kwangu. Mimi siumwi. Wilf ndiye anayeumwa. Je, isingekuwa busara Wilf akae pale linapokuja?"

Enid akamgeukia. "Mwalimu, unamaanisha nini?"

"Tubadilishane nyumba. Jina ni lile lile. Hatutahitaji hata kubadilisha kibao."

Ndivyo ilivyokuwa. Serikali ilishindwa kuipeleka anwani kwa mgonjwa, basi mgonjwa akapelekwa kwa anwani. Septemba trekta la jirani lilishuka na kitanda cha Wilf, likapanda na Kilatini cha Mwalimu, masanduku kumi na manne. Wilf alilalamika kwamba atafia kati ya watu wa kinanda, lakini mwezi haukuisha akawa anaimba nao. Alinenepa. Enid aliacha kumgusa kifua asubuhi. Naye Mwalimu Pettifer alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Barua za kudai leseni ya televisheni, ada ambayo huku kila mwenye televisheni hulipa, ziliacha kumfuata. Akija dukani husema, "Nipe mkate wa mtu asiyekuwepo," na anacheka mwenyewe kabla sijacheka mimi.

Jumapili moja ya Novemba, saa sita na nusu mchana, alipanda ngazi kusafisha mfereji wa paa na akashikwa na maumivu ya kichwa ya ghafla. Aliteremka mwenyewe, akapiga simu mwenyewe. Tulisikia sauti yake baadaye, kwenye uchunguzi. Alitaja anwani sawasawa, akasema ni ya juu, akasema anasikitika kuwasumbua siku ya mapumziko.

Gari lilifika Nyumba ya Waridi kwa dakika kumi na tatu. Wilf ndiye aliyefungua, kitambaa cha chakula shingoni.

"Kaa chini, baba. Usiongee."

"Sikai," Wilf akasema. "Na nitaongea. Siyo mimi. Ni mwenzangu, juu kule."

Enid alitoka bila koti, akapanda mbele na dereva, akawaonyesha kila kona. Walifika dakika ya thelathini na nane. Mwalimu Pettifer alikuwa sakafuni karibu na mlango, na mlango alikuwa ameuacha wazi ili wasihangaike kuuvunja. Alikuwa amekata roho. Nililia siku tatu, na hata sasa ninapoandika haya sioni vizuri. Enid hakulia mbele ya mtu. Yeye ndiye aliyekuwepo, na hakukuwa na ndugu, kwa hiyo yeye ndiye aliyekwenda kuandikisha kifo.

Msajili wa vifo mjini ni mama mtu mzima anayeandika kwa kalamu ya wino. Sheria yake inauliza mtu alifia wapi, haiulizi orodha inasemaje. Enid akamwambia, naye akaandika: Nyumba ya Waridi, Njia ya Kanisa, Skelbeck ya Juu. Akapiga muhuri. Enid aliitazama ile hati, akaitazama tena, kisha akanitaka nimwendeshe moja kwa moja hadi ofisi ya baraza.

Lumb alisimama kumpa pole. Alimaanisha, Mwalimu alikuwa amemfundisha. Enid hakuipokea. Aliiweka hati juu ya meza, akaigeuza imwelekee yeye.

"Nyumba," akasema. "Mtu ndani yake. Na mahali, wameandika na mahali. Chombo kinatambulika. Ina saa moja tu."

Lumb akasoma. Masikio yalimwiva. Akavuta kibodi, akaandika polepole, akiangalia hati baada ya kila neno, kisha akabonyeza. Tukasubiri. Mashine ilifikiri kidogo.

"Imekubali," akasema kwa sauti ndogo. "Imo. Wilf anaweza kurudi nyumbani."

"Andika hapo kwamba ni Mwalimu Pettifer aliyeileta."

"Fomu haina nafasi ya kuandika hivyo, Enid."

Enid akavuta kiti, akakaa, akaweka mkoba wake magotini. "Itafute," akasema. "Leo sina haraka."